Mama Kanda na salamu zilizokaa mwanzo wa mstari

Asubuhi, watangazaji wakiwa bado wanasafisha koo kwa chai kule mbele, mwanamke mmoja anapita ukumbini bila kusimama, anakata kona penye vyoo, anashuka ngazi chache na kufungua mlango wa mwisho kabisa wa kituo cha redio. Anatundika mkoba kwenye msumari. Anawasha feni, kisha kompyuta, kisha mashine ya kanda. Utaratibu haubadiliki, kwa sababu akianza kinyume umeme wa chumba hicho unakatika.

Anachomoa kanda kutoka kwenye boksi, anaipuliza vumbi, anaisukuma mashineni na kuvaa hedifoni. Kwa muda hakuna kinachosikika ila mvumo mwembamba. Halafu mtangazaji wa zamani anapiga hodi, na sauti ya mtu ambaye pengine hayupo tena duniani inaitikia kwa furaha: karibu!

Wenzake wanamwita Mama Kanda. Hana mtoto. Hilo jina limezaliwa humo chumbani, kwenye maboksi yaliyopangwa kutoka sakafuni hadi darini. Kazi yake ni kuhamisha sauti za miaka iliyopita kutoka kwenye kanda kwenda kwenye kompyuta, na kuwatafutia watu wanaokuja dirishani sauti za ndugu zao waliotangulia.

"Kanda ya saa moja inakula saa moja," anasema. "Hakuna kuiharakisha. Ukitaka kuihamisha, uisikilize."

Kwa hiyo anasikiliza. Kutwa nzima watu wanawasalimia shangazi zao, wajomba, mashemeji, majirani waliohama bila kuaga. Salamu hazina hesabu, na hata moja si yake.

"Mwanzoni nilikuwa naitikia," anasema, akicheka kidogo. "Mtu akisema 'hamjambo nyote mnaonisikia', najibu 'hatujambo'. Siku moja mfagiaji akanikuta. Akaniuliza, mama, unaongea na nani? Nikaacha."

Alianzia mapokezi, kwenye meza ya mbele, akipokea wageni na simu. Mumewe alikuwa fundi mitambo wa kituo hicho hicho, mtu wa nyuma ya kioo, mpole, mwenye kalamu sikioni. Alipofariki, mkewe aliomba ahamishiwe chini, mahali ambapo hakuna aliyetaka kupangiwa.

"Kule mbele kila aliyeingia alinipa pole," anasema. "Pole ni nzuri, lakini ikizidi inachubua."

Kati ya sauti zote zilizomo chumbani mwake, ya mumewe haimo. Fundi mitambo haongei hewani. Miaka yote aliwarekodi watu, yeye mwenyewe hakurekodiwa. Kitu kimoja tu aliacha: alikuwa na desturi ya kuiwasha kanda kabla ya kumpa mtangazaji ishara, ndiyo maana kila kipindi alichokishika yeye kinaanza na kimya kifupi cha studio. Mara moja moja, ndani ya kimya hicho, kiti kinalia.

"Kiti kile ni chake. Kilikuwa na mguu mmoja mbovu, akawa hataki kibadilishwe," anasema. "Wenzangu wana picha ukutani. Mimi nina kiti."

Ndiyo sababu haruki mwanzo wa kanda, hata pale mteja anapotaka kipande cha katikati tu. Na ni desturi hiyo ya kusikiliza kimya iliyokuja kumfumbua macho.

Kanda nyingi ni za kipindi kimoja, Hodi Jumamosi, ambacho wasikilizaji walikipenda kuliko taarifa ya habari. Watu walipiga simu na kutuma salamu. Walijiunga kama wanachama, wakajibandika majina ya kujifurahisha: Baba Koti, Kiroboto wa Stendi, Dada Usinune. Majina yalipogongana, kituo kikampa kila mwanachama namba.

"Wapole peke yao walikuwa zaidi ya kumi," anasema Mama Kanda. "Na walikuwa wanagombana hewani, kila mmoja anadai ndiye Mpole mwenyewe."

Karani wa kipindi aliingiza kumbukumbu kwenye kompyuta. Kila kipindi kilipata mstari mmoja: tarehe, jina la mtangazaji, na mwishoni kisanduku kimoja cha wapigaji. Ndani ya kisanduku hicho alizitia namba zote za siku hiyo, kwa mfuatano wa walivyopiga, namba, mkato, namba, mkato, kama shanga kwenye uzi.

"Msimseme vibaya," anamtetea. "Alipewa kisanduku kimoja, akaambiwa jaza. Angefanyaje, awapange watu darini?"

Kwa kuzisoma tu, namba hizo hazina tabu. Tabu inaanza pale unapotaka kumtoa mtu mmoja kutoka kwenye kundi. Mama Kanda aliijua tabu hiyo wiki yake ya kwanza. Aliiambia kompyuta imtafutie mwanachama namba tatu, ikamletea wa kumi na tatu, wa thelathini, wa mia moja na tatu, na wengine ambao tatu yao ilijificha katikati.

"Kompyuta haioni mtu, inaona alama," anasema. "Popote penye tatu, inakuletea. Ni kama kumwita mtu kwa mluzi sokoni. Wanageuka wote."

Akatafakari. Akaona kwamba namba zimetenganishwa kwa mikato, basi na yeye akaizungushia mikato ile anayoitafuta: mkato, tatu, mkato. Hapo wa kumi na tatu hakuja tena, wala wa thelathini. Walikuja wachache, na kila alipowakagua walikuwa wenyewe.

"Nilijiona profesa," anasema.

Kwa njia hiyo aliwahudumia watu wengi. Wengine walipata, wakalia pale pale dirishani. Wengine aliwaambia hakuna, wakashukuru na kuondoka.

Mwaka jana, mvua zikianza, alikuja mzee mmoja mrefu, amevaa kofia ya kitambaa, kope zake nyeupe kana kwamba unga umegoma kutoka. Sokoni wanamwita Mzee Pumba, kwa kuwa enzi za kinu chake hakuna mfuga kuku aliyenunua pumba. Kila mmoja alijizolea tu na kwenda zake. Mzee aliliegemea dirisha na kutega sikio la kushoto.

"Natafuta sauti ya mke wangu," alisema. "Alikuwa namba saba. Alikuwa akinisalimia kila Jumamosi, na mimi sijawahi kumsikia."

"Hamkuwa na redio, mzee?"

"Redio ilikuwepo. Kinu nacho kilikuwepo."

Jumamosi ilikuwa siku ya kusaga. Foleni ilianza alfajiri, mashine ikanguruma hadi jioni, na mtu akitaka kumwambia neno alimwonyesha kwa vidole. Akirudi nyumbani, mkewe alimwambia, "Leo nimekusalimia redioni." Yeye akajibu, "Sijasikia." Mke akasema, "Basi Jumamosi ijayo." Walisema hivyo miaka na miaka, hadi ikawa ndiyo namna yao ya kuulizana hali.

Sasa mke amefariki, na kinu kimedai chake. "Sikio la kulia limefunga duka," alimwambia Mama Kanda. "La kushoto linauza mabaki. Daktari amesema nalo litafunga. Nataka nimsikie kabla ya hapo, hata mara moja."

Mama Kanda akaandika kama alivyozoea: mkato, saba, mkato. Kioo kikabaki cheupe. Akaandika tena, polepole. Cheupe.

"Hakuna, mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Mzee alivua kofia. Kisha akasema, si kwa Mama Kanda, "Kumbe alikuwa anasema tu." Akavaa kofia yake na kuondoka.

"Nilimwonea huruma kama unavyomwonea mtu wa dirishani," anasema Mama Kanda. "Jioni nikafunga mlango, nikasahau."

Mzee hakusahau. Nyumbani alimwambia mdogo wa marehemu, shemeji yake anayekaa jirani na kumwangalia chakula, kwamba redio haina habari na mke wake. Shemeji akaja juu.

"Nilimwambia, shemeji, nilikuwa nimesimama naye pale dukani akipiga simu! Mkoba wake nilikuwa nimeushika mimi!" anasimulia mwanamke huyo mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Unajua alinijibu nini? Eti, wewe ni dada yake, ungesema nini kingine. Kompyuta haina dada."

Tangu siku hiyo Mzee Pumba aliacha kumtaja mkewe. Redio iliyokuwa rafuni alimpa mpita njia anayekusanya vyuma chakavu. Chakula alikula, majibu alitoa, lakini watu walimwona akikaa mlangoni pa kinu kilichofungwa kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akichekwa, na aliyemcheka hayupo tena wa kuulizwa.

"Miaka yote ile nilidhani kuna mtu ananisemea mahali," anasema mzee mwenyewe. "Ukiambiwa hakuna, unaanza kuhesabu na mengine aliyokuambia."

Mwaka huu, asubuhi moja isiyo na mteja, Mama Kanda aliweka kanda nyingine mashineni. Ukaja mvumo. Kiti kikalia. Akatabasamu kama kawaida yake. Mtangazaji akasema, "Hodi Jumamosi! Na wa kwanza, kama kawaida yake, mwanachama namba saba, Mama Chekeche! Hivi wewe mama hulali?"

Mama Kanda alivua hedifoni upande mmoja. Akaufungua mstari wa kipindi hicho kwenye kompyuta. Kisanduku cha wapigaji kilianza hivi: 7,31,112.

"Nilimwona," anasema. "Amekaa mbele kabisa, kila mtu anamwona, na mimi nimemwambia mumewe hayupo."

Ile saba ilikuwa na mkato upande wa kulia tu. Kushoto haikuwa na kitu, maana hakuna aliyemtangulia. Na Mama Kanda alikuwa akidai mikato miwili. Kompyuta ikamtii: ikamletea waliokuwa na mtu huku na huku, ikawaacha waliofungua kipindi. Alipoangalia mwisho wa mistari akakuta na waliofunga kipindi wameachwa vile vile.

"Nilikuwa natafuta watu waliobanwa katikati," anasema. "Aliyesimama pembeni sikumpata. Na anayepiga wa kwanza ni nani? Ni yule aliyekaa na simu anasubiri. Hana lingine siku hiyo."

Alipanda ngazi kumtafuta fundi wa kompyuta, akamkuta anatafuna karanga. Akamweleza. Fundi akameza kwanza.

"Dada, kabla hujauliza, iambie ibandike mkato mwanzoni na mkato mwishoni mwa kisanduku kizima. Hapo kila namba itakuwa na mkato huku na huku, hata ya kwanza, hata ya mwisho."

"Tu?"

"Tu."

"Muda wote huu, jambo lenyewe ni hilo tu?"

"Mama Kanda, usinitazame hivyo, mimi sikukijenga hiki kitu," fundi alijitetea. "Ningekijenga mimi, kila mpigaji angekuwa na mstari wake. Huwezi kuwafungia watu kwenye kisanduku kimoja halafu ukaenda kumwita mmoja mmoja."

Akashuka, akauliza upya. Mistari ikamiminika hadi ikapita mwisho wa kioo, na katika kila mmoja namba saba ilikuwa ya kwanza. Hakukuwa na hata mmoja ambamo ilikaa katikati.

Shemeji mtu ndiye anayejua sababu. "Simu ilikuwa ya dukani," anasema. "Mwenye duka alituachia kabla wateja hawajajaa. Dada akapiga kipindi kikifunguliwa tu. Na siku akikuta laini imeshikwa, anakata, tunarudi nyumbani. Alikuwa anasema salamu ya pili ni makombo."

Mama Kanda hakuishia kwa namba saba. Alikagua mistari mingine, na mmoja ulimshika mkono. Kisanduku chake kilikuwa na namba moja tu, 58. Aliitafuta kanda yake. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, laini za simu zimeanguka, mtangazaji anaomba na kuomba watu wapige, na mpaka mwisho alipiga mwanamume mmoja tu. Alipoulizwa anamsalimia nani, alifikiri, akasema, "Nawasalimia nyinyi hapo studio."

"Huyo hata mkato mmoja hana," anasema Mama Kanda. "Wala hajaja mtu kumuulizia."

Lakini wa kushughulikiwa kwanza alikuwa yule mwenye mtu wa kumuulizia. Wageni wa dirishani hawaachi anwani. Alichokumbuka ni kwamba mzee alitaja kinu kilicho nyuma ya tangi la maji la soko. Siku hiyo hiyo baada ya kazi alikwenda kwa miguu, akiuliza wauza mkaa na washona viatu, mpaka akamwona amekaa kizingitini anashona chekeche la mtu.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mama. Masikio yangu nimewasagia watu unga."

"Ni mimi wa redioni! Nimempata!"

"Umempata nani?"

"Mama Chekeche!"

Mzee aliendelea kuvuta uzi. "Uliniambia hayupo."

"Niliuliza vibaya."

"Kompyuta ndiyo iliyosema."

"Kompyuta ilijibu nilichouliza, mzee. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya!"

Wapita njia walianza kusimama, kwa maana mazungumzo hayo yote yalikuwa ya kupaza sauti. Mzee akachoma sindano kwenye chekeche, akaliweka chini.

"Alikuwa wapi?"

"Mwanzoni. Kila mara mwanzoni."

Kelele zilimtoa shemeji nyumba ya pili, mikono ina povu. Alipoelewa, hakungoja. "Nilisema! Nilisema mimi! Haya, leo nani mwongo? Mwambie huyu baba nani mwongo!" Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akajifunika uso kwa mikono yenye povu.

Kesho yake walifika wote wawili. Mzee amenyoa, shemeji amebeba mkoba. Ulikuwa ule ule, anasema, aliomshikia dada yake dukani. Mama Kanda aliwapa viti, akambandika mzee hedifoni kwenye sikio la kushoto na kupandisha sauti hadi mwisho.

Hofu ilikuwa moja na wote waliijua: kwamba huenda wamechelewa. Tangu mwaka jana mabaki ya lile duka la sikioni yalikuwa yamepungua sana.

"Nasikia kinu," mzee alisema.

"Huo ni mvumo wa kanda. Subiri kidogo. Hapo ni mume wangu."

Mzee alimtazama, akaitikia kwa kichwa. "Mwambie asiharakishe."

Mara ya kwanza alisikia sauti, hakusikia maneno. Walirudisha. Mara ya pili alishika neno moja moja, akawa anafumba macho kama mtu anayevuka mto gizani. Fundi wa kompyuta akaitwa, akapunguza mvumo, akainenepesha sauti. Wakarudisha tena. Safari hii mzee aliinua mkono, na chumba kikanyamaza.

Maneno yenyewe ni haya, kama yalivyo kwenye kanda.

"Nani mwenzetu?" anauliza mtangazaji.

"Namba saba, Mama Chekeche."

"Karibu, mama. Unamsalimia nani leo?"

"Namsalimia mdogo wangu, yupo hapa ananiharakisha. Namsalimia mwenye duka. Na namsalimia mume wangu, yupo kinuni. Najua hanisikii. Hata nikiwa chumbani naye hanisikii, sembuse redioni."

Mtangazaji anacheka. "Na angekuwa anakusikia, ungemwambia nini?"

"Aa, angekuwa ananisikia ningeanza kuchagua maneno. Wewe mwambie hivi tu, ya asubuhi yamekwisha. Nimeshasamehe."

Mzee Pumba alivua hedifoni. Alimgeukia shemeji yake, na yalikuwa maneno ya kwanza ya amani baina yao tangu mwaka jana.

"Ya asubuhi yapi?"

"Nitajuaje mimi? Asubuhi zenu zilikuwa nyingi!"

Alicheka. Walicheka wote, mzee akafuta macho kwa kofia, akacheka tena. Halafu akaiweka kofia magotini.

"Alijua kwamba sisikii," alisema mwishowe.

"Alijua," shemeji akamjibu sikioni.

"Na akasema."

Tangu siku hiyo Mzee Pumba huja kituoni, na kila akija husikiliza kanda moja tu. Shemeji anamgombeza: sikio halina subira, azisikilize zote mara moja kabla halijafunga. Yeye anakataa.

"Nikizimaliza, nitasubiri nini?" anauliza.

Wamefikia makubaliano yao. Mzee anasikiliza moja, shemeji anazisikiliza na kuzikariri nyingine, ili siku sikio likifunga kabisa awe anamwandikia. "Ananiamini sasa," anasema shemeji. "Ingawa ananiambia nisiongeze chumvi."

Kwa Mama Kanda jambo halijaisha. Mzee mmoja amempata kwa sababu alitaja tangi la maji. Wengine aliowaambia hakuna hawakutaja kitu. Anakumbuka sura chache: mwanamke aliyetaka kumsikia pacha wake, baba mmoja aliyekuja na mvua akasahau mwavuli, binti aliyeuliza kwa sauti ndogo sana akashukuru mara mbili. Hajui ni wangapi. Hajui walirudi nyumbani wakaamini nini juu ya watu wao.

"Hakuna ni neno dogo," anasema. "Nilikuwa nalitoa kama chenji."

Jioni, akirudi kwenye chumba chake cha kupanga, anapika chakula cha mtu mmoja na kukila amesimama, sufuria ikiwa bado jikoni. Zamani, anasema, alikuwa akirudi na sauti za watu kichwani na zilimtosha kama kampani. Sasa anarudi na wale waliogeuka na kuondoka dirishani pake.

Pamoja na fundi ameanza kazi ya kuvunja visanduku: kila mpigaji wa kila kipindi apate mstari wake mwenyewe, ili atakayekaa kwenye kiti hicho baada yake asihitaji kujua ujanja wa mikato. Itachukua muda. Namba 58 alimhamisha wa kwanza.

Na Jumamosi hii atakwenda hewani. Mkuu wa vipindi amempa nafasi fupi kabla ya taarifa ya habari, na alipendekeza tangazo lisomwe na mtangazaji mwenye sauti nzuri. Mama Kanda alikataa.

"Sauti iliyowaambia hakuna ndiyo iwaite," anasema.

Hajawahi kuongea redioni maisha yake yote. Maneno ameyaandika, akayakata, akayaandika tena, na yaliyobaki ni machache: kwamba kama ulikuja kwenye dirisha la chini ukaambiwa ndugu yako hayupo, urudi, huenda alikuwa wa kwanza, au wa mwisho. Amekuwa akiyasoma kwa sauti chumbani, feni ikiwa imezimwa, na mfagiaji akipita safari hii haulizi anaongea na nani.

Je, wasipomsikia? Wengine wamehama, wengine wamezeeka, wengine pengine wamewafuata wale waliokuwa wakiwatafuta.

Mama Kanda anaikunja karatasi yake, anaitia mfukoni.

"Nitasema tena Jumamosi inayofuata," anasema. "Kuna mtu alisema miaka yote ile, na alijua hasikiwi."